Alama ya Kujumlisha Kwenye Sodiamu

Juzi, nikipita nje ya darasa moja hapa Karatu, niliona sodiamu ubaoni: ishirini na tatu juu, kumi na moja chini, na pembeni alama ya kujumlisha. Nikasikia tena harufu ya vumbi na ngozi mbichi.

Nilipokuwa mwanafunzi, ukame ulikuwa umetumaliza kule Ngorongoro. Nilikaa mlangoni mwa boma na swali hilohilo: sodiamu hii ina protoni, nyutroni na elektroni ngapi? Protoni kumi na moja. Nyutroni nikatoa kumi na moja kwenye ishirini na tatu, nikapata kumi na mbili. Elektroni nikaongeza moja, kwani si alama imesema jumlisha?

“Ni kumi,” alisema kaka yangu. “Alama hiyo maana yake imepoteza moja.”

Nililia kwa hasira. Aliyepoteza anawekewaje alama ya kuongezewa?

Kengele za ng'ombe zikakaribia. Baba hakuhesabu mifugo kamwe, aliona ni mkosi. Aliwatazama tu wakiingia. Akaita, “Nanyokie!” Huyo ndiye ng'ombe pekee aliyebaki na maziwa. Akaita tena, lakini hakutokea.

“Atarudi kesho, baba,” nilimwambia.

Bondeni fisi walikuwa wakicheka. Baba akakaa chini.

Leo najua elektroni inayopotea huwa imeshapata wa kuichukua.