Alipoitwa Kioko

Wiki iliyopita, sokoni Tala, muuza mitumba alinionyesha kwenye simu picha ya mfungwa aliyetoroka gerezani. Papo hapo harufu ya katani mbichi ikanijia puani.

Nilikuwa mdogo, kwetu Kalama. Mutiso alikuwa ameishi nasi miaka minne, na majirani wote walimwita Mama bibi ya Mutiso. Alasiri moja Mutiso alikuwa akinisokotea kamba ya katani ya kuruka, wanaume wawili wakaingia uani na kumwita, "Kioko!"

Akaitika. Nikadhani ndilo jina lake la utotoni, na hao ni ndugu zake. Aliweka kamba chini taratibu, akanyoosha mikono, wakamfunga pingu.

"Huyu anaitwa Mutiso," Mama alisema. "Mmekosea boma."

"Mama, huyu alifungwa kwa mauaji, akatoroka jela. Tumemtafuta miaka mingi," askari mmoja akamjibu.

"Aliua nani?"

"Bibi yake."

Leo najua askari alimaanisha mwanamke mwingine, wa kabla ya Mama. Siku hiyo nilijua Mutiso ana bibi mmoja tu. Nikaushika mkono wa Mama nione kama bado yuko hai. Ulikuwa baridi, na haukunishika.