Masherifu wa Kweli na Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa askari wa jumbe huko Pongwe, na silaha yake ilikuwa rungu. Nalitaja mapema kwa sababu watu wakisikia askari hufikiria bunduki. Kazi yake ilikuwa kupeleka wito wa baraza, kuamua ugomvi vilabuni, na kurudisha mbuzi wa watu. Mimi nilikuwa mwalimu. Nilimzidi miaka saba, na kwa kuwa nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, niliendelea kumwona mtoto hata alipoota ndevu. Jambo hilo hakulipenda hata kidogo.

Katikati ya miaka ile ya hamsini sinema ya mjini Tanga ilileta picha ya sherifu. Sherifu ni askari mkuu wa huko Marekani ya zamani, mipakani, ambako serikali ilikuwa haijakaa sawasawa. Mdogo wangu aliiona Jumamosi, na Jumapili akapanda tena baiskeli kwenda kuirudia. Katika picha hiyo muuaji amejificha ghalani na mji mzima unamwogopa. Sherifu anakwenda peke yake, anasimama mbele ya ghala, anamwita kwa jina. Muuaji anatoka mikono juu, macho chini.

"Hakumgusa, dada," aliniambia. "Kamwita tu. Mwenye hatia akiitwa na mwenye haki, atakaa ndani mpaka lini?"

Picha ile ilitokana na kitabu. Mimi kila Alhamisi nilikuwa nikisoma Kiingereza kwa bibi mmoja wa Kizungu huko Raskazone, mtaa wa pwani mjini, naye alikuwa nacho, akaniazima. Nilikisoma siku nne, kamusi pajani. Mwishoni mwandishi aliongeza kurasa chache kueleza kwamba sherifu wake alimtunga kutokana na watu wawili waliokuwepo kweli. Wa kwanza hakuwahi kumkamata mtu peke yake maisha yake yote. Alikwenda na wenzake wanane wenye bunduki, wakangoja mtu alale au alewe, ndipo wakamvamia. Wa pili alikwenda peke yake mara moja tu, akapigwa risasi neno likiwa bado mdomoni.

Nikampelekea habari hiyo, na hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kumweleza faraghani kama ndugu, nilimsomea mbele ya wenzake pale barazani, kidole kwenye mstari, kisha nikamuuliza, "Umeelewa?" kwa sauti ile ile ninayotumia darasa la pili. Wenzake wakaangua kicheko.

Yeye hakucheka. "Dada, kitabu mtu hukaa kitako akaandika apendavyo. Picha imepigwa. Unaweza kupiga picha ya kitu ambacho hakipo?"

"Wale ni watu wanaigiza."

"Na farasi je, naye anaigiza?"

Safari hii walinicheka mimi. Nina hasira za karibu, sikatai. Nilifunga kitabu nikaondoka zangu, na kwa siku mbili hata shikamoo yake niliiitikia nikitazama pembeni. Siku mbili hizo nazijutia mpaka leo.

Jumatano mkata mkonge mmoja alimpiga nyapara wake panga la shingo, akatokomea shambani. Nyapara hakufika hospitali. Jumbe akapeleka habari kwa polisi Tanga, akaamuru mtu yeyote asisogee mkongeni mpaka waje na bunduki asubuhi ya pili yake. Amri ilikuwa wazi kabisa. Niliposikia nilimshukuru Mungu, nikaenda kufundisha.

Saa nane mchana, nikitoka shule, nilimkuta mdogo wangu njia panda amevaa sare kamili.

"Jumbe kasema mngoje," nikamwambia.

"Yule mtu namjua, dada. Tumekula sahani moja. Nikimwita atatoka."

"Yule wa kweli aliuawa! Nilikusomea!"

"Huyu hana bunduki."

Nikamkamata shati. Akanibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, huku anacheka. "Utanichania nguo ya serikali." Nikapiga kelele. Wanaume wawili waliokuwa wakiziba pancha walinyanyua macho, kisha wakainama tena kwenye gurudumu lao. Nikakimbilia kwa jumbe, nikaambiwa naye yuko Tanga. Nikamwendea karani, akasema yeye hana mamlaka ya kumtuma mtu. Nikarudi njia panda nikasimama. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Niliitazama ile mistari ya mkonge iliyonyooka mpaka mwisho wa macho.

Vibarua waliokuwa juu ya troli ya kubebea mkonge walishuhudia. Walisema alisimama katikati ya njia, rungu kiunoni, mikono mitupu, akamwita yule mtu kwa jina na kumwambia atoke, asiogope. Na kweli alitoka. Alitokea nyuma yake.

Kesho yake wakaja watani. Sisi ni Wazigua, na Wanyamwezi ni watani wetu. Penye msiba mtani ana ruhusa ya kufanya atakalo, na kazi yake ni kumwiga marehemu mpaka waliofiwa wacheke. Kumkasirikia ni aibu. Basi Mnyamwezi mmoja mzee, mkata mkonge, akaitwaa kofia ya mdogo wangu, akaivaa, akasimama katikati ya ua ametanua miguu. Akaugeukia mlango wa chumba alimolazwa marehemu, akamwita kwa jina lake.

"Toka nje! Najua umo humo! Mwanamume mzima unajificha, wanawake wanakulilia!"

Watu wakacheka. Mama yangu akacheka huku kamasi zinamtoka, akishika ubavu. Nami nilicheka, nilicheka vibaya, nikaegemea ukuta nisianguke. Yule mzee akaita tena, kwa ukali zaidi. Kicheko kikakatika, na mimi, mwalimu wa watu, nikageuka kuutazama mlango.