Breki Niliyokatazwa Kuigusa

Wengine huanza ushuhuda kwa sifa. Wangu unaanza na mguu, maana mguu huu wa kushoto nusura uzikwe kabla yangu. Mniwie radhi, sifa zitakuja.

Jina langu ni Furaha, wengi mnaniita Mama Neema. Mimi ni msusi, mzaliwa wa Bukavu, na huku tulifika tukikimbia vita. Kabla ya kuumia nilikuwa mtu asiyekaa. Mama yangu alisema nilimpiga mateke tumboni mpaka mkunga akadhani ni mapacha. Hata kula nilikula nimesimama. Kazi ya kusuka ilinifaa, kwa kuwa msusi husimama kutwa, lakini saluni yetu ya Umbilo haikunitosha. Nikaanza kuwafuata wateja majumbani, leo Isipingo, kesho Westville. Westville ndiko kulikonimaliza. Huko kila mtu ana gari lake, na asiye nalo atasubiri taxi mpaka achakae. Siku moja nilichelewa kwa bibi harusi, nikamkuta keshasukwa nusu kichwa na mtu mwingine. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Baba Neema, nanunua pikipiki."

Alidhani natania. "Mama ya kanisa juu ya piki? Na huku watu wanapita kushoto, si kulia kama kwetu?"

"Kushoto nako si barabara?"

Ilikuwa mwaka ule baada ya Kombe la Dunia lililochezwa huku. Nikapata pikipiki ndogo iliyokwisha kutumika, na mwalimu sikumtafuta mbali. Pascal, mdogo wake Baba Neema, alibeba abiria kwa pikipiki Bukavu kwa miaka mingi. Jumapili baada ya ibada alinipeleka kwenye uwanja wa ghala moja lililofungwa, akanionesha gia, akanionesha klachi, kisha akakunja uso.

"Shemeji, hapa iko freni mbili. Hii ya muguu ni ya kusimama. Hii ya mukono ni ya mbele, usiiguse hata siku moja. Ukiigusa inakutupa, meno yako yote inabaki kwa barabara. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudilia."

Nikarudilia. Ya mguu inasimamisha, ya mbele inatupa. Jumapili ya kwanza pikipiki ilizimika kila nilipoiondoa. Ya pili nikazunguka uwanja mzima. Ya tatu nikatia gia ya tatu, upepo ukanipiga usoni, nikamwambia Pascal yatosha.

"Bado, shemeji. Jumapili inayokuja tunajifunza kusimama ghafula."

"Hiyo nitajifunza njiani."

Haraka haraka haina baraka, tunaimba hivyo tangu utotoni, na mimi niliimba kwa sauti kuliko wote. Nikafanya mtihani wa maandishi wa leseni ya kujifunza, nikafaulu mara ya pili. Nikafunga ile herufi L nyekundu nyuma ya pikipiki, na kwa akili yangu niliona inawahusu wengine. Kofia ngumu nilinunua kubwa kupita kiasi, kwa sababu kichwa cha msusi ndilo tangazo lake na rasta zangu zilikuwa nene. Kila nikigeuza shingo kofia inabaki nyuma. Miguuni nilivaa viatu vya wazi.

Wiki ya pili barabarani, asubuhi ya manyunyu, nilikuwa nashuka kutoka Glenwood kuelekea Umbilo Road. Mbele yangu kulikuwa na taxi, yaani lile basi dogo la abiria. Mtu akainua kidole pembeni na taxi ikasimama pale pale. Nilikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zangu zote. Gurudumu la nyuma likakabwa, likaacha kuzunguka, likaanza kuteleza kuja ubavuni mwangu. Vidole vyangu vya mkono wa kulia vilikuwa mbali na breki ya mbele, kama nilivyofundishwa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mwanafunzi mtiifu.

Pikipiki ikaangukia kushoto na mguu wangu ukiwa chini yake. Kofia ilinivuka ikabingiria mpaka mferejini, ikaniachia sikio lililochanika. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia baridi. Nilipotazama chini, unyayo wangu ulikuwa umeelekea kusikokuwa kwake, na katikati ya muundi mfupa ulikuwa umetoka nje ya ngozi. Mama mmoja Mzulu alishuka kwenye ile taxi, akavua kitambaa chake cha kichwa akanifunika mguu.

"Usiangalie huko, dada," aliniambia kwa Kiingereza. "Niangalie mimi."

Nikamwangalia. Ndipo maumivu yakaja, nikalia kwa sauti na nikajikojolea mbele za watu. Nayasema haya kwa kuwa kuna atakayepatwa akaona haya peke yake.

Hospitalini daktari alinieleza bila kuzunguka. "Mama, mfupa umevunjika vipande vitatu na uchafu wa barabara umeingia. Tutausafisha, tutaushika kwa vyuma kutoka nje." Nilipoamka nikakuta vyuma vinne vimeingia kwenye nyama ya mguu, na nje vimeunganishwa na fito ndefu. "Wiki sita usiukanyage," alisema. "Hata kidogo."

Wiki sita! Nilirudi nyumbani na magongo mawili na moyo unaowasha kuliko kidonda. Neema akienda shule, Baba Neema akienda kazini, mimi ninabaki na kuta. Wiki ya tatu mteja wangu wa Isipingo akaja kunijulia hali, kichwa chake hakitazamiki. Nikamwambia, acha nikusuke mistari miwili ya mbele tu. Nilimsuka kichwa kizima. Nilisimama muda wa saa tatu, magongo yameegemea ukutani, na mguu niliukanyaga. Aliponishukuru nilijisikia mzima kabisa.

Siku ya nne tangu nimsuke, pale vyuma vinapoingia kwenye ngozi pakaanza kutoka maji ya manjano. Nikayapangusa nikanyamaza. Baba Neema aliingia chumbani jioni akasimama mlangoni, pua juu.

"Mama Neema, iko kitu kinaoza humu ndani?"

Nikamwambia ni panya. Mungu anisamehe. Alisogeza kitanda, akasogeza kabati, akamtafuta yule panya mpaka jasho likamtoka. Kesho yake asubuhi nilitetemeka kwa homa mpaka meno yakagongana, na ndipo alipolifunua shuka.

Daktari alibonyeza mguu na usaha ukatoka, mzito. "Ulikanyaga?"

"Kidogo."

"Mimi sina dawa ya kidogo," alisema. "Tunaingia tena leo. Nikikuta mfupa umeoza, nitaukata mguu hapa chini ya goti. Ukikubali, weka sahihi hapa."

Baba Neema aliichukua ile kalamu, akaitazama, akanirudishia. "Muguu ni wako," alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu. Nikawaza msusi wa mguu mmoja atasimama vipi nyuma ya kiti kutwa nzima. Nikawaza mtu kama mimi, ambaye hata sala ninaisali nikitembea. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, hata katika yale yaliyotutoa kwetu. Nikaweka sahihi.

Nilipoamka sikuthubutu kutazama. Nikatuma mkono chini ya shuka. Ukapita paja, ukapita goti, ukaendelea taratibu, ukagusa chuma baridi. Chini ya chuma kulikuwa na mguu. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akalia, hajui kwa nini.

"Nimeuacha," alisema daktari alipopita. "Safari ya tatu hakuna."

Basi nikalala. Walinichuna ngozi ya paja kufunika kidonda, na paja liliuma kuliko kidonda chenyewe. Dawa za maumivu zilinifunga choo siku sita. Mguu uliwasha ndani kwa ndani mahali ambapo kucha haifiki. Mikono yangu haikuweza kutulia, nikaanza kusuka nyuzi za pindo la blanketi, na muuguzi alipoligundua lilikuwa limesukwa upande mzima. "Hili ni blanketi la serikali!" alinikaripia, kisha akaniuliza nasuka kwa bei gani.

Watu wa kanisa walikuja, na Mungu awabariki kwa uji na maombi. Wengi walisema kuna pepo pale kwenye ile robot, zile taa za barabarani nilipoangukia, kwamba ajali hazikosi. Pascal alikuwapo akaitikia amina kubwa kuliko zote. Mimi pia niliitikia, kwa kuwa ni rahisi kumlaumu pepo.

Aliyelivunja neno hilo ni Sista Thandi, dada wa mazoezi ya viungo. Kila siku alikuja kunikunja na kuninyoosha vidole vya mguu, na siku moja alifika amebeba kofia ngumu kwapani. Kumbe naye anaendesha pikipiki. Akaniuliza, "Dada, ulifunga breki ipi?"

"Ya mguu."

"Na ya mbele?"

"Hiyo inaua watu."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Sikiliza. Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, ukilikaba linateleza. Kwenye lami, la mbele ndilo linalokusimamisha, ila unalikamua, hulikwapui."

Nilipata hasira iliyonipandisha joto kuliko ile homa. Pascal alipokuja kesho yake na chupa ya uji, hata sikumsalimu. "Pascal, ulinifundisha kufa."

Nikamweleza. Alisikiliza kichwa kimeinama. Kisha akaingiza vidole mdomoni, akachomoa meno mawili ya mbele, akanionesha kwenye kiganja chake.

"Shemeji, kwetu iko matope. Freni ya mbele ndani ya matope inakutupa kweli. Mimi ilinitupa. Hii meno si yangu."

Nilitaka kuendelea kumkasirikia nikashindwa. Alinipa alichokuwa nacho, na alikilipia kwa meno. Halafu nikakumbuka ile Jumapili ya nne ya kusimama ghafula, ni nani aliyeikataa. Pale kwenye robot hapakuwa na pepo, wapendwa. Palikuwa na Furaha na haraka zake. Nilimwambia Pascal arudishe meno yake mahali pake, tukacheka mpaka kidonda kikanivuta.

Vyuma vilitolewa baada ya miezi. Mguu ulikuwa umebaki mwembamba kama mwiko, hauna nyama. Nilijifunza kutembea upya, hatua mbili, kisha sita, kisha mpaka chooni, na hapo nilipiga vigelegele. Nachechemea mpaka leo, mmeniona. Niliposema nitapanda tena pikipiki, Baba Neema alikula siku mbili bila kunitazama. Siku ya tatu akasema, "Kama ni lazima, huyo dada akufundishe. Na Pascal naye afundishwe."

Basi ninyi mnaotaka kuanza, na najua mpo, nisikilizeni. Aliyekufundisha kwa upendo anaweza kuwa amekufundisha barabara ya kwao, kwa hiyo muulize anayeijua barabara ya hapa. Kofia ikubane mashavu; suka mistari ya kulala, urembo utaonekana ukifika. Vaa buti zinazopita kifundo. Macho yatazame mbali, kule unakotaka kwenda, gurudumu halihitaji kutazamwa. Mwezi mzima jifunze kusimama kabla hujajisifu unajua kwenda. Na ukivunjika, lala. Mimi nilidhani kulala ni uvivu, na ilinibakia kidogo nilipie kwa mguu.

Namshukuru Mungu aliyeuacha mguu huu, na daktari aliyejizuia kuukata. Namshukuru yule mama Mzulu ambaye sijui jina lake na kitambaa chake sikuwahi kumrudishia. Namshukuru Baba Neema aliyemtafuta panya asiyekuwapo.

Nimalizie na Jumamosi moja asubuhi, kwenye maegesho ya magari huko Westville tulikoruhusiwa kufanyia mazoezi. Sista Thandi alikuwa amenifundisha kukamua ile breki ya mbele kama mtu anavyokamua limau, polepole kwanza, kisha kwa nguvu, na ya mguu ikisindikiza. Siku hiyo alisimama mwisho wa uwanja akasema atainua mkono wakati wowote, nisimame. Pascal aliketi ukingoni, kinywa wazi. Baba Neema alishika uzio, ametugeuzia mgongo, hataki kuona.

Niliondoka. Gia ya kwanza, gia ya pili. Mkono wa kulia ulikuwa unatoka jasho ndani ya glavu. Thandi akainua mkono. Vidole vyangu vilikataa, nawaambia vilikataa, kisha vikashika. Nikakamua. Pua ya pikipiki ikainama, mwili wangu ukaja mbele, na hakuna kilichonitupa. Pikipiki ikasimama imenyooka, na mguu wa kushoto ukashuka wenyewe, ukakanyaga lami.

"Sharp!" Thandi alipiga kelele, yaani safi kabisa. "Tena!"

Niliutazama ule mguu pale chini, umenibeba mimi na chuma chote kile.

"Ngoja kidogo," nikasema.

Baba Neema akageuka kuona ni nani aliyesema hivyo.