Mustari Uliozama Zongwe

Binti yangu anasoma fizikia, mwaka wa mwisho wa sekondari. Mimi niliachia darasa la ine. Asubuhi moja nilikuwa napasua kuni, akanisomea kitabu chake: nyota za pembeni ya galaksi zinazunguka mbio sana, zingepaswa kutawanyika. Vitu tunavyoona havina uzito wa kuzishikilia. Basi kuna kitu kingine, kizito kupita vyote hivyo, na hakuna jicho wala mashini iliyokiona.

"Ni nini?" nikauliza.

"Hawajui, Papa. Wanajua tu kiko, kwa sababu kinavuta."

Nikaweka shoka chini. Nikamuwaza mama yake.

Mama yake na mimi tulipanda boti kule Zongwe. Listi ya abiria ilikuwa imefungwa Moba, boti ilikoanzia. Wanaopanda njiani hawaandikwi, njo desturi yao. Ubavuni mwa boti walipaka mustari mwekundu, maji yasiupite. Tulipomaliza kupanda, mustari ulikuwa umezama. Nikamuonyesha mwenye boti. Akacheka: "Papa, unaogopa rangi?"

Mbele ya kufika Kalemie, boti ikapinduka. Mimi nilishika bidoni tupu ya mafuta. Mama yake hakupata cha kushika.

Mwenye boti njo alimuua. Mukubwa wa bandari njo anamuua tena, kila mara ninapoenda kuomba jina lake liandikwe kati ya waliokufa.

Siku ile binti aliponisomea, nikarudi biro yake, ofisi ya bandari.

"Papa, nilikuambia. Muke wako hayuko kwenye listi."

"Na mustari, nani aliuzamisha kama sisi hatukuwemo? Wenye kusoma nyota wanakubali kitu wasichokiona, kwa uzito wake tu!"

Akamugeukia karani. "Sikia huyu! Darasa la ine linatufundisha nyota!"

Wakacheka mpaka karani akapangusa macho. Nikakaa kwenye benchi, sikutoka. Saa sita mukubwa akachoka kuniona, akaandika kitu, akanisukumia karatasi. Nikasoma polepole: "Muntu mumoja, hajulikani."

Nikaisukuma kwake.

"Wale wa nyota hawajui ni nini, na wanasema wazi hawajui. Wewe unajua ni nani. Nimekutajia jina lake kila nilipokuja hapa. Andika."

Akafunika kalamu yake.

Kesho yake, alipokuja kufungua biro, alinikuta kwenye benchi.