Tunda la Kwanza

Muuza tini wa stendi ya Kiomboi hampi mtu tini bila kuonja kwanza. Hubonyeza moja moja, huchagua tunda lililolainika mpaka likapasuka kidogo, hulifungua kwa vidole gumba, hula nusu huku akikutazama, ndipo akupe nusu yako. "Nimeshatoa uchawi," husema, wala hacheki.

Editha alikwisha kumzoea. Lakini asubuhi hii, akiwa na mimba ya miezi saba baada ya mimba mbili kuharibika, alinyooshewa tunda zima lililopasuka kidogo, jekundu ndani, likichuruzika maji matamu.

"Mama, mbona leo huonji?"

"Nimefunga, mwanangu. Ramadhani imeingia."

Sauti ilikuwa ileile ya kila siku, ila macho yake hayakubanduka mdomoni mwa Editha. Editha akashika tumbo, akafumba macho, akauma. Utamu ukamjaa mpaka kooni. Akasubiri mtoto acheze. Akasubiri tena. Mtoto akacheza.

Alipofumbua macho, yule mama alikuwa akijifuta jasho kwa mtandio.

"Wewe ni wa nne tangu asubuhi," akasema. "Watatu wameniachia tini mkononi."