Mkunga wa Salamanda

Kazini walimwita Mkunga, ilhali hajapata kumzalisha mtu. Kazi yake ilikuwa kuwatazama salamanda wa majini, wale jamaa wa chura wenye mkia kama mjusi, waliozaliwa humo humo katika chumba cha kufugia, na kusema nani dume nani jike. Humlaza mmoja chali kwenye kiganja kilicholowa, akammulika nyuma ya miguu ya nyuma. Pakiwa pamevimba kama punje ya dengu, huyo dume. Pakiwa bapa, jike. Ila dume mchanga naye huwa bapa, kwa hiyo asiyetimiza mwaka aliandikiwa neno moja tu kwenye kifuniko cha kikopo chake: bado. Wanunuzi wakinuna, shauri yao. Miaka kumi na moja Mkunga aliwaambia haraka haraka haina baraka, wala hakupepesa macho.

Kisha mimba yake ikatoka, ya miezi mitano. Nesi alimuuliza kama angependa kujua alikuwa wa kike au wa kiume. Akakataa. Nesi akaandika kwenye karatasi, akaitia katika bahasha, akampa mumewe. Bahasha ikakaa juu ya kabati la vyombo, nyuma ya chupa ya chai.

"Mke wangu, tuifungue," mume alimsihi kila baada ya siku mbili tatu. "Mtoto hana hata jina. Namwombea nani mimi?"

"Fungua wewe."

"Peke yangu siwezi."

Hakulia. Wifi yake alikuja na leso mbili, akarudi nazo kavu. Alikuwa amekufa ganzi, basi. Akiambiwa kula anakula, akiambiwa lala analala. Na kazini waliacha kumwita Mkunga. Wakawa wanamwita dada, kwa adabu ya kuudhi.

Asubuhi moja msimamizi alimletea trei ya vikopo.

"Dada, hawa wana miezi mitano."

"Najua."

"Mbona wote umewaandika jike? Wote arobaini!"

Akatazama vifuniko. Mwandiko ni wake. Hakukumbuka hata kuwageuza.

"Nilitaka wawe na kitu cha kuitwa," akasema.

Msimamizi akaiweka trei mezani. Akampa kitambaa na chupa ya spiriti.

Akafuta kimoja kimoja na kuandika bado. Kufika cha thelathini na kitu, mkono ukasita. Hawa wangengojewa mpaka wakue, ndipo wajulikane. Wa kwake hakuwa na bado. Alimwekea neno hilo lisilo lake, akamwacha nalo juu ya kabati wiki saba. Akamalizia vilivyobaki.

Jioni, kabla hajavua viatu, aliishusha bahasha. Mumewe alikuwa akisuuza vikombe.

"Nisomee."

Mume akafuta mikono kwenye suruali. Alisoma huku midomo ikicheza, kama kawaida yake, ingawa maneno yalikuwa mawili tu.

"Wa kike."

Mkewe akaingoja ganzi imwachie. Haikumwachia.

"Basi tumpe jina la mama yako," akasema.

Mume akageukia ukuta, mabega yakaanza kumtetemeka. Naye akamwekea mgongoni kile kiganja kinachonuka spiriti, akalitamka lile jina kwa sauti, kisha akalirudia, apate kulizoea.