Kizibo cha Mashua Kimepita Juu ya Mwiko

Leo mke wangu amempiga baba yangu usoni, na hakuna aliyekasirika.

Ngojeni niwaeleze.

Mashua ya baba ilikaa nchi kavu miaka miwili, mimi nikiwa machimboni Chunya. Asubuhi hii mimi na baba tumeziba nyufa kwa pamba na lami, tukaisukuma ziwani, tukapanda wawili.

Ikaelea! Baba, na kaptula yake ya kaki aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma, akaanza kupiga mluzi.

Mara nikahisi miguu imelowa.

Kumbe mke wangu Tumpe alichomoa kizibo cha sakafuni zamani zile, ili maji ya mvua yatoke, akakitunza jikoni. Mimi sikuuliza.

Nikageuka. Huyo anakuja mbio, kizibo mkononi! Kufika ufukweni akamwona baba, akajitupa nyuma ya matete.

Nyie wa Kyela mnajua. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, wala hamsemeshi. Hata ukizama.

Maji yakafika vifundoni.

"Tumpe, kirushe!" nikapaza sauti.

Ukatokea mkono tu kwenye matete. Kizibo kikampata baba katikati ya paji la uso, kikaangukia ndani.

Nikaziba.

Baba akajipapasa paji, macho yakiwa kule ziwani.

"Mwambie mwenye mkono ule, asante, ndaga sana. Bila kutazama amenipata. Angetazama je?"

Sasa semeni, ndugu zangu: salamu hizo nizifikishe zote, au niishie kwenye ndaga?